Ile mistari kwenye jani la ndimu ina mwenyewe

Kabla hatujaenda mbali, nifanyie kitu kimoja. Toka nje, tafuta mndimu. Hata ule uliodumaa kando ya geti la ploti, ule watu humwagia maji ya kufulia. Shika jani changa, lile laini karibu na ncha ya tawi, uligeuze. Kuna uwezekano mkubwa utaona mstari wa rangi ya fedha ukizungukazunguka kama njia ya mlevi anayetafuta nyumba saa tisa usiku. Katikati ya mstari huo kuna uzi mwembamba mweusi. Na jani lenyewe limeanza kujikunja.

Umeona? Sawa. Sasa keti tuongee.

Huo mstari ndio ulionigombanisha na landilodi. Mwaka jana, mvua ya masika ilipopungua, mndimu wetu huku Kahawa West ulichipua majani mapya na karibu yote yakatoka na hiyo michoro. Mzee akaja siku ya kodi, akautazama mti, akatikisa kichwa. "Huu umeshikwa na ugonjwa. Ukatwe kabla haujaambukiza ingine." Msimamizi wa ploti akaambiwa atafute mtu wa panga.

Mimi sikuwa na hoja yoyote ya kisayansi. Nilichojua ni kwamba chini ya huo mti ndipo sisi hukaa jioni stima zikipotea, na ndimu zake zimeokoa wasee wengi homa ikibisha hodi na mfuko umekauka. Nikamwambia, "Mzee, nipe wiki mbili nijue ni ugonjwa gani. Nikishindwa, panga nitashika mwenyewe." Akacheka kidogo. "Sawa kijana. Wiki mbili. Lakini usije kunililia."

Shida ilikuwa moja. Chuo niliachia njiani, mwaka wa pili, karo iliponilemea. Na hata huko sikuwa nasomea wadudu, nilikuwa nasomea mauzo. Somo la bayolojia mara ya mwisho kulishika ilikuwa kidato cha nne, na gredi yake tuiache ilipo.

Nikachuma jani moja, nikaliinua kulielekeza kwa jua. Mwisho wa ule mstari palikuwa na kitu kidogo cha rangi ya manjano, bapa kama kimepigwa pasi. Kikasonga.

Hebu fikiria. Jani la ndimu ni jembamba kuliko laini ya simu yako, na kuna mtu ameingia ndani akafunga mlango.

Huyo mtu ni kiwavi wa nondo. Nondo ni yule jamaa wa ukoo wa vipepeo anayezungukia balbu usiku (ukiwa Tanzania chunga ulimi, huko ukiagiza nondo fundi wa mjengo atakuletea vyuma). Huyu wa ndimu anaitwa Phyllocnistis citrella. Asili yake ni Asia, na aliyempa jina hilo ni Mwingereza Henry Tibbats Stainton mwaka 1856, kwa vielelezo vilivyotoka Calcutta, India. Tangu hapo amefuata machungwa na ndimu karibu kila mahali zinakopandwa. Florida, Marekani, alionekana mara ya kwanza mwaka 1993, akaenea jimbo zima kwa kasi ya umbea wa mtaa.

Maisha yake ni haya. Mama hutaga yai kwenye jani changa. Kiwavi akitoka hupenya moja kwa moja chini ya ngozi ya jani, anaanza kupasua chembe na kunywa utomvu wake. Hatafuni jani zima, ananyonya tu tabaka la juu. Ndiyo maana njia yake inang'aa kama fedha: ngozi ya jani imebaki juu, chini yake mna hewa. Ule uzi mweusi katikati ni choo chake. Ndiyo, msee, anatembea akiacha choo nyuma. Akishiba huenda hadi pembeni mwa jani, anakunja ukingo kwa nyuzi zake, analala humo ndani kama pupa. Anayetoka ni nondo mweupe mwenye kitone cheusi kwenye ncha ya kila bawa, mdogo kuliko punje ya mchele. Umeshawahi kumfuta kwa ukuta ukidhani ni vumbi.

Nilipofika hapo tayari nilikuwa na jibu la landilodi. Huyu si ugonjwa. Mti mkubwa unaweza kuishi naye miaka, unaonekana tu mbaya. Wanaoumia kweli ni miche, ambayo karibu majani yake yote ni machanga. Na kupuliza dawa ovyo hakusaidii sana, kwa sababu kiwavi amejifunika na ngozi ya jani kama koti la mvua.

Lakini nilikuwa nimeshanasa. Nikaanza kugeuza kila jani nililokutana nalo. Kwa kituo cha matatu. Kwa ua la kanisa. Jirani mmoja aliuliza msimamizi wa ploti kama niko sawa kichwani.

Wadudu wanaoishi namna hii huitwa wachimba majani. Si ukoo mmoja. Kuna nzi, kuna mbawakawa, hata nyigu wa aina fulani, ila walio wengi zaidi ni nondo. Wengine ni wadogo hadi unashangaa moyo na tumbo vimetoshea wapi: kuna jamii inayoitwa Nepticulidae ambayo baadhi ya spishi zake, ukizipanua mabawa kutoka ncha hadi ncha, unapata milimita 3 hivi. Na ufundi huu ni wa kale. Kule Kansas na Nebraska, Marekani, kumepatikana majani yaliyogeuka mawe yenye michoro ya aina hii, ya miaka milioni 97 iliyopita. Dinosauri walikuwa bado wanatembea.

Kitu kizuri kwa mtu kama mimi asiye na maabara ni kwamba mchoro ni kama sahihi ya mwandishi. Nondo mwenyewe ukimshika, mabawa yake yanaweza kufanana na ya binamu zake kumi. Wataalamu hulazimika kumpasua chini ya hadubini na kulinganisha viungo vya uzazi, ama kusoma DNA yake, kile kipande cha herufi 658 ambacho hutumika kama msimbopau wa dukani. Lakini ukijua mmea ni upi, na mchoro uko vipi, mara nyingi umefika nusu ya safari. Wengi wao huchagua sana chakula. Wa ndimu ni wa jamii ya ndimu. Wa viazi vitamu, Bedellia somnulentella, utampata kwa viazi vitamu na ndugu zake wanaotambaa kwa ua, na choo chake ananing'iniza kwa nyuzi chini ya jani kama nguo kwa kamba. Kwa hivyo swali la kwanza liwe huu ni mmea gani. Mdudu anakuja baadaye.

Mimi swali hilo nililiruka, na nikaaibika.

Kuna mama mboga hapa chini ambaye ana kipande cha shamba kando ya reli. Spinachi yake ilikuwa imejaa mistari myeupe. Nikamwambia, "Mama, hii si baridi, hii ni nondo." Yeye alikuwa ameambiwa ni baridi imechoma majani. Nikapiga picha, nikaiweka kwa iNaturalist, ile programu ya simu ambapo watu hupakia picha za viumbe na wengine huwatambua. Nikaandika kwa ujasiri: nondo. Haikupita saa moja, mtu nisiyemjua akanisahihisha kwa upole. Ni nzi. Angalia choo.

Choo tena. Lakini alikuwa sahihi, na tangu siku hiyo ndicho kitu cha kwanza mimi huangalia. Nzi wachimba majani, hasa wale wa jenasi ya Liriomyza wanaosumbua mboga zetu, mara nyingi huacha choo kikiwa vipande vipande, leo upande huu wa njia, kesho upande ule. Kiwavi wa nondo mara nyingi huacha mstari mmoja katikati, ama analundika pahali pamoja. Ukifungua njia kwa ncha ya sindano, buu la nzi halina kichwa cha kueleweka, ni kama punje ya ute iliyochongoka. Kiwavi wa nondo ana kichwa kigumu cha rangi ya kahawia chenye taya. Lenzi ndogo ya kubandika kwa kamera ya simu, zile zinauzwa Luthuli, inatosha kuona hayo.

Sasa kwa nini hiyo ni muhimu kuliko ushindi wangu mdogo mtandaoni? Kwa sababu mama mboga alikuwa ameshauziwa dawa. Mtu alimwambia "mistari ni kiwavi", akauza kopo lililotengenezwa kuua viwavi wa nondo. Angepulizia nzi dawa ya nondo, mistari ingebaki, angeongeza kipimo, na hiyo spinachi ingekuwa kwa sufuria yangu jioni. Kopo huwa limeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Niambie ni mara ngapi umeona mtu akisoma hayo maandishi madogo. Tulikaa pale kwa stuli yake, tukatoa majani yaliyoharibika sana kwa mkono, dawa akairudisha dukani. Hakurudishiwa pesa zote. Lakini alirudisha.

Na usidhani jibu huwa rahisi namna hiyo kila mara. Sukuma wiki, kwa mfano, ina nondo mmoja mkorofi anayeitwa Plutella xylostella. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani akiwa mchanga kabisa, kisha anatoka nje na kuanza kula upande wa chini akiacha madirisha. Ukimkuta siku za mwanzo utaapa ni mchimba majani. Ukirudi wiki inayofuata amehama.

Kuna mchimba majani mmoja ambaye hata wewe usiyejali wadudu umeshamlipia. Unakumbuka nyanya zikipanda bei hadi kibanda kinakuuzia moja moja kama yai? Sababu huwa nyingi, mvua, msimu, barabara. Ila tangu mwaka 2014 kuna sababu moja ya ziada yenye mabawa. Tuta absoluta ni nondo wa kijivu kutoka Amerika Kusini. Aliyempa jina la kisayansi mwaka 1917, kwa kielelezo kutoka Peru, ni Edward Meyrick, mwalimu wa shule huko Marlborough, Uingereza, ambaye alipokea nondo wadogo kutoka pembe nyingi za dunia na kutaja maelfu ya spishi. Kwa miongo mingi huyo mdudu alikaa upande wake wa bahari. Mwaka 2006 akaonekana Uhispania. Miaka minane baadaye alikuwa Kenya.

Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260. Viwavi huingia ndani ya jani la nyanya na kula nyama yote ya kijani, jani linabaki doa pana kama karatasi iliyopitiwa na moto, kisha wanahamia kwa tunda lenyewe. Wakulima wa Tanzania walimpa jina ambalo mimi nalipenda kuliko majina yote ya Kilatini: kanitangaze. Yaani anakuharibia shamba halafu anakuambia nenda ukanitangaze. Sina habari ya mchimba majani mwingine aliyepewa jina la Kiswahili na wananchi wenyewe, na ilibidi atie watu hasara kwanza ndipo akapewa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona maana ya kurekodi. Mdudu akiingia nchini huwa hapigi hodi ofisini. Anatua kwa jani fulani, kwa shamba fulani, na mtu fulani anapita hapo. Mtu huyo akijua majani ya kawaida ya mtaa wake yanavyofanana, ataona mgeni. Asipojua, mgeni anakaa misimu miwili mitatu kabla mtu hajauliza.

Na ya kawaida yetu ni nani anayajua? Nilipoanza, nilitafuta rekodi za wachimba majani wa mtaa wetu. Sikupata hata moja. Kwa bara zima kuna hifadhi ya data inayoitwa Afromoths, iliyojengwa na Jurate na Willy De Prins wa Ubelgiji, inayojaribu kuorodhesha nondo wa Afrika kusini mwa Sahara. Huyo Jurate ni mtaalamu wa Gracillariidae, ukoo uleule wa nondo wa ndimu. Mwaka 2012 yeye na Akito Kawahara walichapisha kazi kubwa kuhusu tawi moja la ukoo huo barani Afrika, na ndani yake mna spishi ambazo hazikuwa na jina kabla ya hapo. Mmoja anaitwa Cameraria sokoke. Ndiyo, Sokoke ya Kilifi, Arabuko-Sokoke, ule msitu unaupita ukienda Malindi. Nondo wa pwani yetu, amekuwa akichimba majani yetu tangu jadi, na jina kalipata mwaka ambao mimi nilikuwa shule ya msingi nikicheza kalongo.

Sasa nikuambie namna ya kufanya, maana najua tayari kuna mmoja wenu ameanza kuangalia maua ya jirani.

Piga picha ya jani mara tatu: upande wa juu, upande wa chini, na likiwa limeinuliwa kwa mwanga ili kilichomo kionekane. Piga picha ya mmea mzima, ukiwezekana na ua ama tunda lake. Hii wengi husahau, na bila hiyo picha zingine ni kama mashahidi wasiojua kesi ni ya nani. Acha simu iandike mahali na tarehe. Andika kama kuna kiwavi ndani ama ni nyumba tupu. Nyumba tupu pia ni rekodi! Hiyo ndiyo raha ya wachimba majani: ndege akiruka amekwenda, lakini huyu akihama anakuachia ramani yote ya maisha yake. Ukishapakia, usiandike jina la spishi kama huna hakika. Andika "nondo", ama hata "mdudu", na uache wanaojua wakusaidie. Watambuzi wakikubaliana, rekodi yako inaweza kuingia hadi GBIF, hazina ya data ya viumbe ambayo watafiti wa dunia nzima huichota. Hakuna mahali wanakuuliza cheti. Hilo, kwangu mimi, halikuwa jambo dogo.

Na tafadhali, ukienda Karura ama msitu wowote, piga picha tu. Majani ya msituni hayachumwi bila kibali. Majani ya kuchuma ni ya kwenu, tena ukiomba mwenyewe.

Yale ya kuchuma unaweza kuyafuga. Weka jani lenye kiwavi ndani ya chupa safi ya jemu, tia kipande cha tishu chenye unyevu kidogo, funika, andika tarehe, weka mbali na jua. Halafu subiri. Hii kazi si ya mtu mwenye pupa, samahani kwa huo utani.

Chupa yangu ya kwanza niliiweka juu ya kabati. Kila asubuhi naangalia kabla hata sijaangalia simu. Siku ya kumi na moja kitu kilikuwa kinatembea kwa kioo. Nikashika lenzi mikono ikitetemeka. Haikuwa nondo. Ilikuwa nyigu mdogo mweusi, mdogo kuliko kichwa cha pini.

Nilihisi nimeibiwa, lakini mwizi alikuwa ameibia nondo. Nyigu wa aina hii hutaga kwa kiwavi ndani ya nyumba yake, mtoto wa nyigu anamla mwenye nyumba polepole, kisha anatoka kwa mlango wa mwenyewe. Kenya ina historia ndefu na jambo hili. Mibuni ina wachimba majani wake, mmoja anaitwa Leucoptera meyricki, kwa heshima ya yule mwalimu wa Marlborough. Katikati ya karne iliyopita, dawa kali zilipoanza kupulizwa kwa wingi kwenye kahawa, mdudu huyu badala ya kupungua aliongezeka, kwa sababu dawa ilimaliza nyigu waliokuwa wakimpunguza. Mnamo 1964 ilichapishwa kazi ya kisayansi iliyolinganisha mibuni ya Kenya iliyopulizwa na isiyopulizwa, ikihesabu nondo na nyigu wake. Siku hizi wanasayansi wa icipe hutumia ujanja huohuo kwa kanitangaze: walileta nyigu kutoka Peru, kwao na nondo, wamfuate huku. icipe ni kile kituo cha kimataifa cha wadudu ambacho Profesa Thomas Odhiambo alikianzisha mwaka 1970. Kiko Kasarani, hapa tu, na kampasi yake inaitwa Duduville. Nimepita hapo kwa matatu maisha yangu yote nikidhani ni jina la klabu.

Kwa hivyo chupa ikikutolea nyigu, usiitupe. Piga picha. Hiyo ni rekodi mbili kwa jani moja.

Kuna kisa kimoja ambacho huniweka macho. Ulaya kuna nondo anayechimba majani ya miti inayopandwa kando ya barabara, Cameraria ohridella, binamu wa yule wa Sokoke. Alionekana mwaka 1984 karibu na Ziwa Ohrid, Makedonia, akapewa jina mwaka 1986, akaenea Ulaya na kuigeuza miti rangi ya kahawia katikati ya kiangazi. Watu wakabishana miaka mingi ametoka wapi. Kisha mwaka 2011 David Lees na wenzake wakachapisha jibu ambalo walilipata ndani ya makabati. Walichunguza majani makavu yaliyohifadhiwa kwenye hifadhi za mimea na kukuta viwavi vilivyobanwa ndani, baadhi kwenye majani yaliyochumwa Ugiriki mwaka 1879. Mkusanyaji alitaka jani. Hakujua amebeba na mpangaji.

Sisi pia tuna makabati hayo. Hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iko hapa Nairobi, chini ya Makavazi ya Kitaifa. Ilianzia Amani, Tanzania, kabla ya kuhamishiwa huku, na ina karibu sampuli milioni moja za mimea iliyokaushwa. Kila nikifikiria hayo majani yote, yamebandikwa kwa karatasi, yametulia gizani, najiuliza ni mangapi yana mstari wa fedha ambao hakuna aliyeutazama.

Tumrudie mzee. Wiki mbili zikaisha. Jani la pili nililofuga lilikuwa na ukingo uliokunjwa, na safari hii alitoka nondo kweli, mweupe, na kitone cheusi kwa kila bawa. Nikampelekea landilodi chupa na lenzi. Akaangalia, akavua miwani, akaangalia tena.

"Haka ndiko kalikuwa kanataka kunikatisha mti?"

"Ndiko, mzee."

"Na kako na jina?"

Nikamwambia jina. Akaomba nirudie. Akajaribu kulitamka, akashindwa, akasema mti ukae lakini majani yaliyojikunja niyaondoe mwenyewe yasimharibie sura ya geti. Nilikubali, ila sikuyaondoa yote. Kodi, nayo, hakupunguza hata shilingi.

Sasa nina rekodi zaidi ya mia, nyingi zao kutoka eneo unaloweza kulimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Kazi bado sina ya maana, niko tu na vibarua vya kuandika hapa na pale. Lakini Jumapili iliyopita mzee alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo kwa kawaida huwa ni habari mbaya. "Kijana, kuja huku nyuma kwa tangi. Kuna kengine kwa mpera."

Nilienda. Si mstari, ni doa pana la kahawia, jani limefura kidogo kama limevuta pumzi. Nimeliinua kwa jua. Kuna mtu ndani. Chupa iko juu ya kabati, leo ni siku ya sita.